Kompyuta inajizima ovyo: nitajuaje kama kweli ni memori?

*Jambo papa fundi. Nina sekretaria hapa Katindo, Goma: tunaandika TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, barua, fakturi, tunapiga fotokopi. Mashine yangu ya mezani niliinunua okazioni, yaani imeshatumika. Ina Windows 10 na barete mbili (vipande vya memori, yaani RAM) za GB 4. Tangu miezi miwili inaleta skrini ya bluu mara mbili au tatu kwa siku, na kila mara maandishi yake ni tofauti. Siku nyingine inazima tu, pu, bila kusema neno. Wiki iliyopita TFC ya mwanafunzi mmoja ilikataa kufunguka, Word ikasema faili imeharibika. Fundi ameformati mara mbili, nimelipa mara mbili. Sasa anasema ni memori, nilete dola 40 abadilishe barete zote mbili. Nitajuaje kama kweli ni memori?*

Jambo dada. Kabla ya yote, leo hii nakili kazi zote za wanafunzi kwenye flashi, kisha uzifungue kwenye mashine nyingine, moja baada ya nyingine. Usitosheke na kuona majina ya mafaili yameorodheshwa. Na kama una nakala za zamani mahali popote, usizifute wala usiandike juu yake. Nitakueleza sababu.

Fundi wako huenda amesema kweli. Lakini dalili ulizonitajia hazielekei upande mmoja. Skrini za bluu zenye maandishi tofauti kila mara, pamoja na faili iliyoharibika bila mtu kuigusa, hizo zinanipeleka moja kwa moja kwenye memori. Kuzima pu bila neno ni jambo jingine. Memori mbovu kwa kawaida humpa Windows nafasi ya kulalamika: inakuja skrini ya bluu, au programu inajifunga, au mashine inaganda. Mashine inayokatika kama taa huwa imekosa umeme au imejizima kwa joto. Kwa hiyo ninashuku una magonjwa mawili katika mwili mmoja, na mtu akitibu moja tu utarudi kwake wiki ijayo ukidhani amekudanganya.

Tuanze na hili la memori, maana ndilo linalokuharibia kazi za watu.

Barete moja ya GB 4 ina biti zaidi ya bilioni 34. Kila biti ni kijichombo kidogo mno cha chaji ya umeme kinachovuja muda wote, ndiyo maana memori inalazimika kujazwa upya karibu mara 15 kwa sekunde, safu kwa safu. Chombo kimoja kikivuja haraka kuliko kawaida, kilichoandikwa 1 kinasomwa 0. Biti moja tu. Ukiisikia hivyo unaiona ndogo, basi tazama inavyofanya kwenye karatasi. Ndani ya kompyuta, tarakimu 1 na tarakimu 9 zinatofautiana kwa biti moja. Vivyo hivyo 0 na 8. Herufi *a* na herufi *i* pia ni biti moja. Fakturi ya 1 500 inaweza kutoka kwenye printa ikiwa 9 500, na hakuna programu itakayokupigia kelele, kwa sababu kwa kompyuta 9 500 ni namba halali kama nyingine yoyote. Hilo ndilo linalonifanya nisilale nikiona mashine ya ofisi yenye memori mbovu. Skrini ya bluu ni usumbufu, lakini angalau inaonekana. Biti iliyogeuka kimyakimya ndani ya hesabu ya mtu haionekani.

Na ile TFC? Faili la Word la siku hizi, lile la .docx, kwa ndani ni mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja kama zip, na kila moja lina namba ya kuthibitisha uzima wake. Biti ikigeuka wakati linahifadhiwa, namba haikubaliani tena na maandishi, Word inakataa kufungua. Ndiyo maana nimekuambia ufungue nakala kwenye mashine nyingine. Kunakili kwenyewe kunapita ndani ya memori hiyohiyo unayoishuku.

Sasa unaelewa pia kwa nini kuformati mara mbili hakukusaidia. Ukisakinisha Windows kupitia memori mbovu, mafaili ya Windows yenyewe yanaweza kuandikwa yakiwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Kama fundi aliona usakinishaji unakatika njiani mara kwa mara, kila mara kwa kosa tofauti, hiyo ilikuwa dalili nzuri kabisa ya memori na ilikuwa mbele ya macho yake.

Mashine yako inaandika kumbukumbu ya kila kifo chake. Isome kabla hujalipa mtu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, ubonyeze Entrée (Enter). Kama Windows yako ni ya Kifaransa, ingia Journaux Windows, kisha Système. Tafuta mistari ya Kernel-Power yenye namba 41. Kila mmoja ni siku ambayo mashine ilikufa bila kuzimwa vizuri. Fungua sehemu ya Détails uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kusema kitu: umeme ulikatika, au mashine ilijizima kwa joto, au mtu aliibonyeza kwa nguvu. Ikiwa si 0, ilikuwa skrini ya bluu, na namba hiyo ndiyo aina yake kwa hesabu ya kawaida ya kumi. Kwa mfano 26 ni MEMORY_MANAGEMENT, 80 ni PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, 10 ni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL.

Chukua daftari uandike tarehe, saa na namba kwa wiki nzima. Ukiwa na mistari kumi utaona sura ya ugonjwa. Namba ileile kila mara, hasa ikitajwa pamoja na jina lilelile la faili linaloishia na .sys, mara nyingi ni draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa: ya printa, ya kadi ya mtandao, ya antivirusi. Namba zinazobadilika ovyo, leo 26, kesho 80, keshokutwa 10, hiyo ni vifaa, na memori inasimama mstari wa mbele. Sufuri nyingi zilizochanganyika na hizo ndizo zitakazothibitisha wazo langu la magonjwa mawili. Linganisha saa za hizo sufuri na saa ambazo umeme wa mtaa ulikatika au ulipungua nguvu, majirani watakukumbusha. Ukiona 292, hiyo ni WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Hapo ni prosesa yenyewe, ubongo wa mashine, inayolalamikia vifaa, na ukaguzi unapanuka hadi ubao mama (bamba kubwa linalounganisha vifaa vyote) na kisanduku cha umeme (kile kinacholisha mashine umeme kutoka ukutani). Na mistari ya Disk yenye namba 7 inasema diski ina sehemu mbovu. Hiyo usiiweke kiporo, hamisha kazi zako siku hiyohiyo.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda kwa sababu halihitaji kufungua mashine wala kutumia megabaiti za intaneti. Chukua faili moja kubwa, filamu ya GB mbili au tatu inafaa. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri: Windows na R, andika cmd) uandike:

certutil -hashfile D:\filamu.mp4 SHA256

Mashine itasoma faili yote na kukupa mstari mrefu wa herufi na namba. Unakili au uupige picha kwa simu. Zima mashine, iwashe, rudia. Fanya hivyo mara nne au tano. Kuzima katikati ni lazima, kwa sababu Windows huhifadhi sehemu ya faili kwenye memori, na usomaji wa pili bila kuzima unaweza kurudia kosa lilelile ukadhani ni ukweli. Mstari unatakiwa kuwa uleule kabisa, herufi kwa herufi, leo na mwaka kesho. Ukibadilika hata herufi moja na faili haijaguswa, kuna kitu kati ya diski na prosesa kinachoharibu data. Jaribio hili halikuambii kwa uhakika kuwa ni memori, lakini linakuambia kwa uhakika kuwa mashine hiyo haifai kuandikia TFC ya mtu.

Kipimo chenyewe cha memori. Windows ina chake: bonyeza Windows na R, andika mdsched, mashine itajiwasha upya na kupima. Ikianza bonyeza F1 uchague kipimo kirefu. Ikimaliza, matokeo utayakuta kwenye ileile Système chini ya jina MemoryDiagnostics-Results. Mimi nakitumia hivi: kikisema kuna kosa, naamini. Kikisema hakuna, naendelea na kipimo kingine, maana nimeona barete nyingi zikipita hapo na kuanguka kwingine.

Kipimo kingine ni Memtest. Kiko cha aina mbili zenye asili moja. MemTest86 iliandikwa na Chris Brady mwaka 1994 na tangu 2013 iko mikononi mwa kampuni ya PassMark. Toleo lao la bure linazunguka mara nne tu kisha linasimama. Memtest86+ ni tawi lililo huru kabisa, la bure bila kikomo, na tangu toleo la 6 linafanya kazi hata kwenye mashine mpya za UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine). Yoyote itakufaa. Faili lake ni dogo kuliko video nyingi unazotumiwa kwenye WhatsApp. Unaliweka kwenye flashi kwa programu yake, kisha unawasha mashine kupitia flashi hiyo badala ya diski. Angalizo moja, nakuomba ulizingatie: kuandaa flashi hiyo kunafuta kila kilichomo. Usitumie ile yenye TFC za wanafunzi. Na kama mashine inakataa kuwaka kwa flashi, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza) uzime Secure Boot (kinga inayozuia kuwasha kwa programu isiyotambuliwa), ukimaliza kupima uirudishe.

Ukiwa ndani ya BIOS, angalia pia kama kuna mtu aliyeongeza kasi ya memori kupita kawaida yake, kwa kawaida chini ya jina XMP. Izime kwanza. Memori nzima iliyokimbizwa kupita uwezo wake inatoa makosa sawasawa na memori iliyokufa.

Wacha Memtest izunguke usiku kucha. Kwenye mashine ya okazioni kama yako, mzunguko mmoja wa GB 8 unaweza kuchukua zaidi ya saa moja, nami sikubali chini ya mizunguko minne. Najua utaniuliza: na umeme ukikatika katikati? Hakuna kitakachoharibika. Memtest haigusi diski, haiandiki popote ila kwenye memori yenyewe. Utaanza kuhesabu upya tu. Acha mfuniko wa mashine umefungwa kama siku zote, maana unataka joto lilelile linalokuwepo saa za kazi. Mashine iliyopoa na kufunguliwa wazi inaweza kufaulu mtihani ambao ingeanguka saa nane mchana.

Ukiona mstari mwekundu, hata mmoja, memori au njia yake ina kasoro. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayovumilika. Wapo watakaokuambia kosa moja kwa usiku si kitu. Kwa mtu anayeandika fakturi za watu, ni kitu. Kuna hali moja tu ya pekee ninayoijua: MemTest86 ina jaribio la 13, linalopiga safu moja ya memori mfululizo ili kuona kama jirani yake atatikisika. Barete ikianguka hapo tu na kupita kwingine kote, huo ni udhaifu wa muundo unaopatikana hata kwenye memori zinazofanya kazi vizuri kila siku. Usiitupe kwa hilo.

Kinyume chake, usiku mmoja bila kosa haumalizi mashaka. Kuna barete zinazokosea mara moja kwa siku tatu.

Pale kwenye mstari mwekundu pana kitu ambacho watu wengi hawakisomi, nacho ndicho kinachoamua dola 40 zako ziende wapi. Kila mstari una anwani ya mahali kosa lilipotokea, thamani iliyotarajiwa na thamani iliyopatikana. Piga picha. Rudia usiku wa pili, piga picha tena, uzilinganishe. Anwani zikiwa zilezile au za jirani, na biti inayogeuka ni ileile, kuna kijichombo kimekufa ndani ya barete na dawa ni kuibadilisha. Anwani zikitawanyika huku na huku, kila usiku mahali papya, mimi siikimbilii barete. Hapo nashuku umeme unaoilisha, au sloti (nafasi inapochomekwa barete), au ubao mama, au ile sehemu ya prosesa inayozungumza na memori.

Nilijifunza hili kwa gharama. Miaka ya nyuma mteja mmoja wa Himbi, mtaa wa Goma, aliniletea mashine ya hesabu za duka. Nikaipima, mistari myekundu ikamwagika, nikabadilisha barete, nikapokea pesa. Siku ya tisa akarudi. Nikapima tena: makosa, kwenye anwani nyingine kabisa. Barete mpya! Nilipobadilisha kisanduku cha umeme kwa kingine nilichokuwa nacho, makosa yakaisha. Nikairudisha barete ya zamani, ile niliyoihukumu. Ikazunguka siku mbili bila kosa hata moja. Kapasita (vikopo vidogo vya kutunza chaji) za kile kisanduku zilikuwa zimevimba vichwa kama kopo la nyanya lililooza, kwa umeme unaopanda na kushuka na jenereta inayowashwa na kuzimwa mara nne kwa siku. Nilimrudishia pesa yake. Tangu siku hiyo siandiki neno memori kwenye karatasi ya mteja kabla ya kulinganisha anwani za siku mbili.

(Kisanduku hicho usikifungue wewe mwenyewe. Kinabaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa. Kinapimwa kwa kukibadilisha na kingine kizima, basi.)

Ukishapata kosa, unatenganisha. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, kisha shika chuma cha kasha kabla hujagusa barete. Bandika plasta kidogo kwa kila moja: A na B. Pima A peke yake kwenye sloti ya kwanza, usiku mzima. Kisha B peke yake, sloti ileile. Halafu ile iliyo safi uipeleke kwenye sloti ya pili. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Najua ni usiku mwingi, na najua mashine inatakiwa kufanya kazi asubuhi, itafanya. GB 4 zinatosha kwa Word na printa ukifunga madirisha mengine.

Ikiwa A inakosea kila mahali na B ni safi kila mahali, A ndiyo mbovu, unanunua moja. Ikiwa zote ni safi kwenye sloti ya kwanza na zote zinakosea kwenye ya pili, sloti ndiyo mbovu, na barete mpya zingekuletea matumaini ya bure. Ikiwa kila moja ni safi peke yake lakini pamoja zinakosea, huenda hazipatani: moja ya kasi hii, nyingine ya kasi ile, ziliunganishwa sokoni. Jaribu kupunguza kasi kwenye BIOS. Na ikiwa zote mbili zinakosea kila mahali, hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wako kwa nguvu. Barete mbili kufa kwa pamoja ni jambo la nadra. Zikionekana zimekufa pamoja, kuna kitu cha tatu kinachozisumbua, na ukizibadilisha zote bila kukitafuta umenunua usumbufu uleule ukiwa mpya.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna hatua ambayo mafundi wengi wanaifanya mapema mno: kuchomoa barete, kuisugua, kuirudisha. Mara nyingi inaponya kweli. Mji wetu unakaa juu ya mawe ya volkano, vumbi jeusi linaingia kila upenyo, ziwa linaleta unyevu, na moshi wa Nyiragongo una gesi inayokula hata mabati ya nyumba. Meno ya barete yanashika utando mwembamba, mguso unalegea. Lakini ukisugua kabla ya kupima, umefuta ushahidi. Mashine ikitulia hujui kama ilikuwa uchafu, au sloti iliyolegea, au bahati ya siku mbili. Pima kwanza, upate mstari mwekundu, kisha usafishe, kisha upime tena. Makosa yakiisha, umepona bila kununua kitu.

Kusafisha: kitambaa laini kisicho na manyoya, alkoli ya nyuzi 90 ya duka la dawa, futa meno ya dhahabu kuelekea nje, acha yakauke vizuri. Gomu ya kufutia penseli inafanya kazi, naijua, nimeitumia, lakini kila ukisugua unaondoa kidogo ya ile dhahabu nyembamba, na chembe za gomu zinabaki kwenye sloti. Kwa manukato, petroli au mate, tafadhali usijaribu. Vumbi la ndani ya sloti ulitoe kwa brashi laini mpya. Na ukirudisha barete, isukume mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Barete iliyokaa nusu ni chanzo cha nusu ya simu ninazopigiwa.

Wakati umefungua, fanya pia kazi ya ule ugonjwa wa pili. Toa vumbi kwenye feni ya prosesa. Gusa waya zinazoingia kwenye ubao mama kuona kama kuna uliolegea. Angalia mashine imechomekwa wapi: kama inashiriki ralonji (waya wa kurefusha umeme) moja na fotokopi, hiyo fotokopi ikianza kupasha joto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na mashine dhaifu inakatika hapohapo. Itenge. Kama una onduleri, lile boksi lenye betri, mashine ikae juu yake peke yake na printa zikae kwingine. Kisha endelea na daftari. Sufuri zikipungua baada ya hapo na namba nyingine zikabaki, umeshatenganisha magonjwa yako bila kutoa dola hata moja.

Huenda mtu akakuambia memori haiharibiki, kwamba haina kitu kinachozunguka kama diski. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na watafiti wa Google walichapisha hesabu za memori za maelfu ya mashine za Google kwa muda wa miaka miwili na nusu. Kwa mwaka mmoja, zaidi ya barete 8 katika kila 100 zilipata angalau kosa moja. Na barete iliyokosea mara moja ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena. Zile zilikuwa memori za seva, zenye biti za ziada za kugundua kosa na kulisahihisha. Za kwako na za kwangu hazina hizo. Kosa likitokea, linapita.

Ukifika kununua, peleka barete mbovu yenyewe mkononi. Mashine ya okazioni kama yako mara nyingi huwa na DDR3 (DDR3 na DDR4 ni vizazi vya memori), lakini soma lebo, usikisie. DDR3 inatumia volti 1.5 na DDR4 volti 1.2, na pengo la kwenye meno liko mahali tofauti, hivyo ya aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine isipokuwa ukilazimisha, na ukilazimisha unavunja sloti. Kwenye lebo utaona PC3-12800 au PC3-10600, hiyo ni kasi. Chukua inayofanana na ile uliyobaki nayo. Jihadhari na barete za bei rahisi zilizoandikwa kuwa ni za AMD: kwenye mashine nyingi zenye prosesa ya kampuni nyingine, Intel, haziwaki au zinahesabiwa nusu. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba utaipima usiku mmoja na ikitoa kosa utairudisha. Muuzaji mwaminifu wa okazioni hakatai hilo. Akikataa, nenda meza ya pili.

Ukishaweka barete nzima na ikazunguka usiku mzima bila mstari mwekundu, Windows uliyonayo bado ina alama za siku mbaya. Fungua cmd kama msimamizi uandike sfc /scannow, uache itengeneze mafaili yaliyoharibika. Kwa mashine ya kazi kama yako mimi ningesakinisha upya, mara hii ya tatu ikiwa ya kwanza yenye maana. Kwa TFC iliyokataa kufunguka, jaribu ndani ya Word ile njia ya Ouvrir et réparer, au ufungue nakala yake kwa LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, ambayo wakati mwingine ni mvumilivu zaidi. Ikishindikana, badilisha jina la nakala liishie na .zip, uifungue, utafute faili linaloitwa document.xml ndani ya folda ya word. Maandishi ya mwanafunzi huwa humo, yamezungukwa na alama nyingi, lakini yanasomeka na yanaweza kuokolewa sura kwa sura.

Na fakturi za miezi hii miwili, dada, zipitie kwa jicho. Hasa penye 8 na 9.

Anza leo usiku na barete zote mbili kama zilivyo, bila kusugua kitu. Kesho asubuhi piga picha ya skrini hata kama hakuna kosa, kesho kutwa tena, kisha unitumie picha zote mbili pamoja na ukurasa wa daftari wenye namba za 41. Yule fundi mwambie asubiri siku tatu. Kama anwani zitakuwa zilezile, alikuwa sahihi kuhusu memori, na utamlipa barete moja badala ya mbili.